Taa Wasiowaka

Kila alasiri, akishatoka shule, Chiriku alikwenda kwenye kituo cha kutunza samaki alikofanya kazi mama yake, akafuta vioo vya matangi. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hiyo matangi mawili yalikuwa na taa, wale samaki bapa kama sahani, waliookolewa nyavuni. Walikuwa wa ukoo mmoja na wote walikuwa adimu, ila mmoja alikuwa wa baharini na mwenzake wa mtoni. Jioni kila mmoja angerudishwa kwao.

Chiriku alibandua vibandiko vya majina ili afute vizuri. Dereva wa kituo akapita.

"Taa gani hizi zisizowaka?"

"Haziwaki, zinaogelea."

Walicheka mpaka machozi, na Chiriku akavirudisha vibandiko huku akiendelea kupiga soga.

Mama alipoingia, wapakiaji walikuwa wamekwisha kuwahamishia samaki, pamoja na maji yao, kwenye mapipa yaliyokuwa juu ya gari, kwa kufuata vibandiko. Chiriku alichungulia pipa lililoandikwa "Mtoni". Mkia ulikuwa mfupi, na mama alimwambia mara nyingi: "Migongo yao isikudanganye, inafanana. Tazama mkia. Wa mtoni mkia wake umeuzidi mwili kwa urefu, wa baharini ana kimkia kifupi."

Akisema, huenda asiguse tena vioo vile. Akinyamaza, taa wa baharini atakufa kwenye maji yasiyo na chumvi, na hakuna atakayejua. Ulimi wake uliozoea kukimbia ukawa mzito. Gari likaanza kusogea.

"Mama, lisimamishe," alisema. "Vibandiko nimevikosea mimi."

Mama alipiga ubavu wa gari kwa kiganja. Likasimama. Akapanda, akafunua mapipa, akaitazama mikia. Kisha akavibadilisha vibandiko kwa mkono wake.

"Mwanangu, nimekasirika, sikufichi. Kazi na soga havikai pamoja. Lakini kosa lako limerekebishika kwa sababu umelisema. Ungelificha, tungezika samaki. Ndiyo maana husemwa, mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho utafuta vioo kama kawaida, ila kwanza utaniambia kila mkia ni wa nani."

Chiriku aliitikia kwa kichwa tu.

Dereva alimtazama, akatia gia. "Kumbe taa moja hapa inawaka," akasema.