Njia Iliyomwita Labaran

Rakiya aliiamuru programu imwonyeshe njia zake zote, kila anwani ambayo ukiigonga huitika: ya wanafunzi, ya walimu, ya mahudhurio. Alikuwa anaikagua kabla ya kuikabidhi kwa shule iliyowapa kazi. Chini kabisa ya orodha palikuwa na njia moja ambayo yeye hakuiandika: /ita/labaran.

Labaran ni mwanawe. Na mama wa Kihausa aliyelelewa akaleleka hamtaji kifungua mimba wake kwa jina, ni aibu. Tangu amzae, Rakiya humwita "wewe" au "kijana", na jina lile hajalitamka hata akiwa peke yake.

Alidhani ni utani wa Badamasi, mwenzake wa meza ya pili, mtu wa Zaria ambaye siku haimpiti bila kuwachokoza watu wa Kano.

"Mimi nitalijulia wapi jina la mwanao?" Badamasi alimjibu. "Nyinyi Wakano mna ubahili hata wa majina."

Rakiya alicheka, lakini cheko lenyewe halikuwa la moyoni. Alipekua kila alichokiandika, jina hilo halimo. Aliizima programu akaiwasha upya, na njia ikarudi palepale. Basi akaigonga. Na tuseme kweli, hakuigonga kwa ajili ya kazi tu. Alionja utamu kwamba kuna kitu kinamwita mwanawe kwa niaba yake. Jibu lilikuwa neno moja: Amesikia.

Baada ya swala ya adhuhuri hakuweza kujizuia, akaigonga tena. Safari hii ikajibu: Anakuja.

Alasiri alipofika nyumbani, mtoto alimrukia kwa furaha asiyopata kuiona. Shati lake lilinuka tope bichi, na hali ilikuwa harmatani, msimu wa upepo mkavu wa jangwani, vumbi tupu mji mzima.

"Mama, leo umeniita jina langu. Mara mbili."

"Nani kakwambia ni mimi?"

"Si sauti yako? Ilitokea kule uani, kisimani."

Mama mkwe wake akamvuta pembeni, akasema kwa kunong'ona kwamba baada ya adhuhuri alimkuta mjukuu wake amekwisha panda ukingo wa kisima, anasema naja, Mama, naja. Rakiya alikumbuka saa alizoigonga ile njia, akaelewa kwamba ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimpeleka mwanawe pale. Akampigia simu Badamasi, aliyemwachia ile programu ofisini.

"Ile orodha umeifanyia nini?"

"Naijaribu. Nimeiachia kompyuta igonge njia zote, moja moja. Ile ya mwanao ndiyo ya mwisho."

"Simamisha, Badamasi. Nakuomba."

"Dada, mbona imeshamaliza? Ya mwisho imejibu Amefika."

Ndipo Rakiya alipoisikia kutoka uani sauti yake mwenyewe, laini, isiyo na haraka, ikilitaja jina la mwanawe vile vile ambavyo yeye angelitaja kama angeruhusiwa tangu siku ya kumzaa, na mtoto akauchomoa mkono wake akatoka mbio, naye akamfuata akiita wewe, kijana, wewe, na mtoto hageuki, mpaka aibu ikamtoka mbele ya mama mkwe wake akapaza sauti: "Labaran!"

Mtoto alisimama ukingoni. Kisimani nako kukaita. Akamtazama Rakiya, akatazama chini.

"Wewe siye," alisema taratibu. "Mama ni yule."

Rakiya alimdaka mguu, mtoto akiwa ameshaanza kuinama.

Malamu, mwalimu wa Kurani, aliandika aya kwenye ubao, akaziosha, mtoto akanywa wino ule. Kisima kikafukiwa. Kwenye orodha njia ile haikuonekana tena.

Siku hizi Rakiya humwita mwanawe kwa jina, mbele ya watu, wasemao na waseme. Mtoto huitika. Lakini kwanza hugeukia kule kilikokuwa kisima, akasikiliza, ndipo anapokuja kwa mama yake polepole, kama mtoto aliyeambiwa akamwamkie mgeni.