Damu ya Sroka

Daktari Gracjan ni shemeji yangu, na kwa kusoma damu ya mnyama hana mpinzani mto Narew mzima. Anayebisha aje na farasi wake.

Asubuhi moja ya vuli aliitwa kwa Teofila kumtazama Sroka, farasi jike wa bintiye, Ludka. Mtoto alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu wiki tatu kabla, na tangu hapo Sroka hakutolewa zizini. Ila mapaja yalikuwa yamekakamaa, na mkojo mweusi kama kahawa.

Gracjan akatoa damu, akaipima garini. Akarudia. Kipimo cha msuli kilisoma elfu kumi na nne, mahali pa mia tatu.

"Mama Ludka, nani anampanda?"

"Ufunguo wa zizi uko shingoni mwangu. Mpande wewe basi, kitambi kipungue."

Hakucheka. "Msuli ukichoshwa kupita kiasi humwaga vimeng'enya damuni. Kimoja hupanda na kushuka upesi. Kiko juu: amekimbizwa jana usiku. Kingine hukawia kushuka. Nacho kiko juu: amekimbizwa siku nyingi. Akiendelea hivi, figo zitamuua."

Teofila akapapasa singa za farasi. Zilikuwa zimesukwa. Kila kisuko, mafundo mawili.

"Ludka hufunga hivi," akanong'ona. "Husema moja halitoshi."

Kule Narew huaminika kuwa mzimu unaopanda farasi usiku huzuiwa kwa mundu uliopigiliwa juu ya mlango wa zizi. Gracjan, msomi mzima, ndiye aliyepigilia msumari. Teofila alishika ngazi, analia.

"Nimemfungia mwanangu nje, daktari. Na baridi hii."

Siku ya nne kile cha upesi kikashuka. Wiki ya tatu, na kile cha kukawia. Sroka akala shayiri yote.

Teofila hakutoka kupokea habari njema. Alikuwa kitandani, miguu imekakamaa. Viatu vyake vilijaa tope bichi. Ndooni, mkojo mweusi kama kahawa.

"Twende hospitali. Wakupime damu."

"Wapime nini? Majibu unayo." Machozi yakamshuka. "Alikuja dirishani. Akasema, mama, nibebe. Ningemjibu nini, Gracjan?"

Gracjan akamwinua. Kitambaa kikamvuka kichwani.

Mvi zote zilikuwa zimesukwa, mafundo mawili mawili. Isipokuwa kisuko cha mwisho, karibu na sikio. Hicho kilikuwa na fundo moja.

La pili likajifunga taratibu, mbele ya macho yake.