Namba Tisa za Shamsi

Wakati wa chakula cha mchana, mkono wa kushoto wa Msabah ulianza kwenda wenyewe. Ulishuka, ukakata pembe, ukasonga mbele juu ya mkeka. Ubani ulimjaa puani, na nyumbani hapakuchomwa ubani.

"Mkono una nini, mwanangu?" mama yake, Bi Maisara, alinong'ona.

"Hauna kitu, mama."

Mwongo mkubwa. Mwaka ule wa tisini na sita, Mkunazini palikuwa na ukumbi wa mashine za gemu za kupigana, na bingwa wake alikuwa Shamsi, rafiki yake tangu chuo cha Kurani. Msabah alimwonea kijicho mpaka chakula kikawa hakipiti. Hasidi hana sababu, lakini huyu aliitafuta akaipata: Shamsi alikuwa na karatasi ya miraba tisa, kila mraba na namba yake. Kumbe ana talasimu! Akaiiba, akaiandika kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha kwa marashi, akanywa kombe lile siku tatu, kila funda akiomba ampite Shamsi. Jana yake alimshinda mara tano, na vidole havikumngoja yeye.

Alasiri ile, kwa hofu, alimrudishia karatasi. Shamsi alicheka.

"Talasimu gani, bwana? Hizo njia za kijiti cha mashine, nimezipanga kama namba za kikokotoo. Tano kimetulia, mbili chini, tatu pembe, sita mbele. Mbili, tatu, sita kwa mkono wa kushoto, halafu ngumi kwa mkono wa kulia: moto unatoka." Kicheko kikamkatika. "Sasa wewe uliomba, nani alokuitikia?"

Tangu hapo mkono haukutulia, ukacheza ukutani, ukacheza kwenye msala katikati ya sala, mbili tatu sita, mbili tatu sita, na ubani ukawa unamtangulia kila chumba anachotaka kuingia, hata Bi Maisara akamburura mpaka Mtoni kwa Mwalimu Kheir. Mwalimu alimsomea Kurani tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Mkononi nshamtoa huyo jini," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kijicho ndicho kilichomwita. Ukikirudia, na yeye atarudi."

Wiki nzima mkono ulitulia. Ijumaa Shamsi alikuja kumtazama mgonjwa, bado yuko kitandani, akampa mkono wa kulia.

"Pona haraka, bwana. Jana nimewapiga wote, hakuna hata mmoja alonigusa."

Msabah alitabasamu, na kijicho kikamchoma palepale. Ubani ukanuka. Chini ya shuka, mkono wa kushoto ukashuka, ukakata pembe, ukasonga mbele. Vidole vyake vya kulia vikaanza kukunjika ngumi ndani ya kiganja cha Shamsi.

"Msabah, niachie," Shamsi alinong'ona. "Mkono wako unaunguza."