Viatu Mlangoni Hombo

Siku ile mjinga alikuwa Soidri, na tuliseme mapema kabla hajaanza kujitetea. Lakini kwanza tuone alivyompata huyo aliyemfanyia ujinga.

Ilikuwa mwaka 1977. Bandari ya Moroni ilijaa abiria, magunia, na vijana wa kamati za mapinduzi wenye amri nyingi kuliko ndevu. Soidri, karani wa serikali aliyeachishwa kazi pamoja na wenzake, alikuwa akiuza mkate wa sinia aliojifunza kuoka baada ya kufiwa na mkewe. Mbele yake akasimama mwanamke wa Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, amejitanda shiromani nyekundu, mashavuni liwa ya manjano imemkaa sawasawa.

"Baba, mkate huu umeuoka au umeuadhibu?"

"Onja kwanza, mama, ndipo utukane."

Akaonja. "Mh. Umekosa, lakini utaongoka."

Huyo ndiye Chamsia, mshonaji, mjane. Mumewe, Mdahoma, aliuawa Majunga, ng'ambo walikokuwa wakiishi, katika machafuko ya mwaka uliotangulia.

Soidri alicheka, halafu papo hapo akashuku. Mzuri hivi, anataka nini kwa mtu mwenye masizi puani? Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Marehemu Saoudat, mkewe, alikuwa akimwambia kila siku, "Nimepata nafuu," mpaka asubuhi ile alipomgusa akamkuta wa baridi. Tangu hapo, hata anayemjibu "salama" humtazama mara mbili.

Hata hivyo alipenda. Chamsia aliporudi kwao, mtaa wa Hombo mjini Mutsamudu, wakawa wanazungumza kwa simu ya posta, foleni nzima imetega masikio.

"Mbona leo sauti yako nyembamba? Nani yuko hapo?"

"Posta yote, mpenzi. Nikuitie yupi?"

"Usinitanie, Chamsia."

"Basi njoo Hombo unipose. Nimeshawaambia wanawake wa mtaa, wana hamu ya kuyaona hayo masizi."

Akaenda, kanzu imenyooka, kofia mpya. Alipofika mlangoni pa Chamsia, akaona kizingitini jozi ya viatu vya kiume, vikubwa, vinang'aa kwa rangi. Na visiwani kule mume ndiye anayehamia kwa mke. Viatu vya mwanamume mlangoni vinatosha kukwambia mwenyewe yumo. Soidri hakubisha hodi. Aligeuka na kofia yake mpya, akarudi Moroni na boti ileile, akitapika njia nzima.

Wiki haikuisha, posta ikamwita.

"Wanawake wamekungoja hadi wamekula wakaenda zao," alisema Chamsia. "Wananicheka sokoni. Umekufa?"

"Muulize mwenye viatu."

Soidri akaipa foleni mgongo.

"Ningependa sana kumuuliza," akasema Chamsia taratibu. "Ni vya Mdahoma. Ndicho kitu chake pekee nilichotoka nacho Majunga. Naviweka pale ili vijana wa kamati wakipita wadhani ndani mna mwanamume, wasiniingilie wakipekua."

"Si ungeniambia!"

"Si ungebisha hodi!" Akamkatia.

Soidri aliunguza mikate siku mbili mfululizo, siku ya tatu akapanda boti. Alipofika Hombo, kizingiti kilikuwa kitupu. Na hilo nalo, hebu fikiria, likamtia shaka! Alisimama pale kama aliyesahau alichotumwa. Kisha akabisha.

Chamsia akafungua, nyuzi zimemganda mikononi, usoni hana liwa.

"Viatu viko wapi?" Hata salamu hakutoa.

"Nimevitoa sadaka. Wala usijipe sifa, si kwa ajili yako. Nimechoka kumfanya marehemu bawabu. Hao vijana wakija, nitawajibu mwenyewe."

"Umempa nani?"

"Soidri!"

"Nivumilie, mpenzi. Niliyempenda alinificha ugonjwa mpaka akanifia. Mtu aliyefiwa namna ile ana haki ya kuuliza-uliza."

"Nami nimefiwa. Mbona sijakupekua? Ingia, au nipishe nifunge mlango."