Ngozi Kidoleni

"Baba ameuliza utakuja na nani," Dorkas alisema, akitua mkungu wa ndizi kwenye kibaraza cha nyumba ya karani.

"Nitakuja na mzee wangu wa Kisiwani."

"Huyo mzee wako ana jina?"

"Utamwona Jumamosi. Mbona unanihoji kama polisi?"

"Kwa sababu mgeni asiye na mtu wa kumsemea hapewi hata kuku wa kufuga, sembuse mimi."

Yotamu alicheka. Alikuwa karani wa simu katika stesheni ya Same, mtu wa Nyasa, aliyeletwa na Waingereza kwa sababu alijua kusoma lugha yao na kugonga mitambo yao. Dorkas alikuwa binti wa Chome, aliyeshuka mlimani kila siku ya gulio na ndizi kichwani. Mwanzoni alimuuzia ndizi. Baadaye alimuuzia kwa bei ya hasara, na mtu mwenye macho angejua hapo kuna jambo.

"Na akikataa?" Dorkas aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Mzee wangu akisema, hakatai mtu."

"Yotamu, mimi sina moyo wa kuanza upya na mwingine. Ujue hivyo."

"Hutaanza upya."

Alisema hivyo kwa uhakika wote, maskini wa Mungu.

Sasa niwaambie huyo mzee alitoka wapi. Watu husifu kuishi ugenini kana kwamba ni kutembea tu na viatu vipya. Hawasemi kwamba unatakiwa ujue kisima kipi hakina chumvi, nani anauza kuni kavu, na ukianguka kwa homa nani atagundua kuwa mlango wako haujafunguliwa. Yotamu alianguka mwaka wake wa kwanza. Aliyegundua ni Eliezeri, mfugaji wa Kisiwani aliyeleta maziwa stesheni. Alisukuma mlango, akamkuta karani anaweweseka Kinyasa, akaita watu wambebe kwa machela hadi kwake.

Alipopona, Eliezeri alichinja mbuzi. Wazee walikuja, wakasema maneno mengi kwa Chasu, lugha ya Wapare, na Yotamu, ambaye wakati huo Chasu chake kilikuwa cha kuombea maji tu, akaitikia kila kitu kwa adabu. Eliezeri akakata kipande cha ngozi ya yule mbuzi, akamvisha kidoleni kama pete.

"Dawa ya homa hii," Yotamu alijiambia, akashukuru sana.

Ngozi ilikauka, ikadondoka siku moja akioga, naye hakuitafuta. Mzee akampa na kishamba cha kulima. Yotamu akaona kweli Wapare ni wakarimu.

Jumamosi walipanda mlima, Yotamu na Eliezeri, na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, mgongoni mwa punda.

"Umesema binti wa Filipo," Eliezeri alisema wakipumzika njiani. "Chome kuna kina Filipo tele. Filipo gani?"

"Anakaa juu ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia. Ana mabinti watupu."

Mzee hakujibu. Yotamu akadhani ni pumzi. Walipofika juu ya ndiva, mbele ya boma, Eliezeri akasimama, mkono juu ya punda.

"Mwanangu, turudi."

"Turudi wapi, mzee? Wametuona."

Kweli walikuwa wameonwa. Filipo alishatoka, mikono imenyooshwa.

"Kaka Eliezeri! Tangu ulipohamia tambarare na ng'ombe zako umetusahau. Leo umeingiwa na nini?"

"Shikamoo, mzee," Yotamu alisema.

"Marahaba. Na huyu?"

Eliezeri alitazama chini. "Huyu ni mwanangu. Alikuwa mgonjwa, hana mtu. Nilimchinjia mbuzi, nikamvisha ngozi, wazee wakashuhudia."

Filipo alimtazama Yotamu kutoka juu hadi chini, kisha akamkumbatia kwa nguvu.

"Basi ni mwanangu na mimi. Mungu ameninyima wa kiume, kumbe alikuwa anamleta kwa treni. Karibu nyumbani kwako."

Yotamu hakuamini masikio yake. Alikuwa amejiandaa kuulizwa habari za baba yake, dini yake, mshahara wake. Badala yake amekubaliwa mlangoni. Aligeuka amtafute Dorkas, amwonyeshe uso wa ushindi.

Dorkas alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mlango wa jiko, viganja usoni.

"Anafurahi," Yotamu alimnong'oneza Eliezeri.

"Hafurahi. Umekuwa kaka yake."

"Kaka kivipi?"

"Mimi na Filipo ni ukoo mmoja. Ngozi ile ilikuingiza kwetu. Huwezi kumwoa."

"Ile ilikuwa dawa ya homa, mzee."

"Nani alikwambia dawa?"

Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe.

Waliingia ndani, makande yakaletwa, hayakuliwa. Eliezeri akamweleza Filipo walichojia. Filipo alisikiliza, na furaha ikamtoka usoni polepole.

"Hakuna namna ya kuikata?" Yotamu aliuliza.

"Ipo. Huyu aliyekuvisha akukane mbele ya ukoo," Filipo alisema.

"Basi anikane. Mzee, nakuomba, nikane."

Eliezeri alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe.

"Anayekanwa kwetu ni muuaji," Filipo aliendelea. "Au mchawi. Ukishakanwa, utakuja kuposa na nani? Mimi nimpe binti mtu aliyekataliwa na aliyemuuguza?"

"Kwa hiyo nikiwa mtoto wenu simpati, na nisipokuwa mtoto wenu simpati."

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Pole."

Neno hilo, mwanangu, lilimuuma kuliko pole yenyewe.

Siku ya gulio Dorkas alishuka bila ndizi. Alisimama nyuma ya stesheni, kwenye tangi la maji, macho yamevimba.

"Treni ya Tanga inapita kesho mchana," Yotamu alisema. "Tiketi ni kazi yangu. Kutoka Tanga tutatafuta njia ya kwetu Nyasa. Kule hakuna anayejua habari za mbuzi."

"Kwenu kuna nani?"

"Mjomba."

"Mama yako?"

"Alifariki nikiwa huku. Nilipata habari wameshamzika."

Dorkas aliegemea tangi.

"Ulipougua hapa, ulikuwa unasema nini kwenye homa?"

"Sijui. Nani anajua? Hakuna aliyekuwa anaelewa."

"Nikiugua kwenu, Yotamu, nikaweweseka kwa Chasu, nani ataelewa? Nani atanichinjia mbuzi?"

"Mimi nitakuwepo."

"Utakuwa kazini, unagonga simu. Na baba yangu hatanipokea tena, ukoo wote hautanipokea. Wewe ulikuja ugenini ukiwa na kwenu. Mimi nitakuwa ugenini kila mahali."

Yotamu alitaka kumwambia kwamba atazoea. Lakini alikumbuka kisima cha chumvi, na miezi ile ambayo hakuna aliyemwita kwa jina. Aliujua ugeni kwa mwili wake, na hakuweza kumdanganya mtu anayempenda.

"Nakupenda," alisema tu.

"Najua. Na mimi nakupenda. Ndiyo maana nalia hapa na si nyumbani."

Akaondoka bila kugeuka. Jioni hiyo Yotamu alituma simu Tanga kwa wakubwa wake, akiomba aachiwe arudi kwao.

Mvua za vuli hazijaisha Dorkas akaposwa na Hezroni wa Bombo, mkulima, mtu mpole. Ningependa niwaambie alikuwa mlevi ili tumchukie, lakini hakuwa. Asubuhi ya harusi jibu la simu likafika: "OMBI LIMEKUBALIWA. MWENZIO ANAKUJA. JIANDAE KUONDOKA." Yotamu alilikunja, akaliweka mfukoni, akapanda mlima. Mwana wa ukoo haachi kwenda.

Walitoka kanisani, wakakusanyika uani kwa Filipo. Kabla binti hajakabidhiwa kwa watu wa Bombo, mzee mmoja akasimama.

"Kaka wa binti yuko wapi?"

Filipo akamtazama Yotamu. Eliezeri akamgusa kiwiko.

"Nipo," Yotamu alisema.

"Njoo usimame. Dada yako ana neno."

Alisimama mbele yake, karibu kuliko walivyowahi kusimama mbele za watu. Dorkas aliinua uso chini ya shela. Maneno yalikuwa ya desturi, kila bibi harusi wa ukoo huyasema.

"Kaka, naenda kwa watu. Nikiteswa, nikifukuzwa, nikiugua, nitarudi kwa nani?"

"Kwangu," Yotamu alisema.

"Nitakukuta?"

Hilo halikuwa kwenye desturi. Wazee walitazamana. Yotamu alihisi karatasi ya simu mfukoni.

"Utanikuta."

Dorkas akainamisha kichwa, wakamchukua. Vigelegele vilishuka naye kuelekea Bombo hadi visisikike tena. Filipo akamletea Yotamu mguu wa mbuzi, fungu la kaka, akakaa naye hadi alipoumaliza.

Kesho yake alifungua ofisi ya stesheni kama kawaida, akaketi mbele ya mtambo, akagonga kwenda Tanga: "MSIMTUME MTU. NABAKI SAME."

Kisha akachukua ndoo, akaenda kisima kisicho na chumvi.