Kitufe cha Bomoa

Kila siku, kengele ya mwisho ikilia, Pilipili alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Wenzake walimbandika jina hilo kwa hasira zake za karibu, naye alikasirika kila alipoitwa. Muhula mzima alikuwa akitengeneza mchezo wa kujenga mji, kuulisha na kuulinda dhidi ya maadui. Leo mwalimu angeamua kama mchezo huo ungeonyeshwa siku ya wazazi.

Chumba hicho kilikuwa na kanuni yake: mwenzako akiujaribu mchezo wako, wewe fumba mdomo, mikono magotini.

Aliyeketi kuujaribu alikuwa rafiki yake Kasuku, msichana asiyeishiwa maneno.

"Haya, malkia nimefika! Eh, mbona watu wangu wanakufa?"

Chakula kilikuwa kimekwisha ghalani. Alama ya njaa ilikuwepo, ndogo, ya kijivu, imejibanza pembeni mwa skrini. Kasuku hakuiona. Mara maadui wakatokea. Akaharakisha kubonyeza Jenga, kumbe amebonyeza kitufe cha jirani, Bomoa. Ukuta wote ukaanguka.

"Kipofu wewe!" Pilipili alifoka, akampokonya kipanya. "Kitufe kimeandikwa! Hata kusoma hujui?"

"Basi cheza mwenyewe na mji wako!" Kasuku naye akawaka. Akabeba mkoba, akafika mlangoni na kusimama hapo, machozi yakimlenga.

"Mwalimu, umeona? Ameniharibia makusudi!" Pilipili alimlalamikia mwalimu aliyesimama nyuma yao.

"Nimeona," mwalimu alisema, uso umemkunjamana. "Na siku ya wazazi utawafokea mama zetu pia? Mchezo huu hauendi popote."

Muhula mzima, bure! Pilipili akaketi kwa kishindo ili awaonyeshe mji unavyojengwa. Alibonyeza kwa ghadhabu, huku na huku. Maadui wakaja. Akakimbilia Jenga.

Ukuta ukaanguka.

Pilipili alivitazama vitufe vyake viwili, vimebanana, rangi moja, ukubwa mmoja. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Kasuku," alisema kwa sauti ya chini, "kosa ni langu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Kihamishe kwanza hicho kitufe chako, ndiyo tuongee."

Kikahamishwa upande wa pili, kikawa chekundu, na kikibonyezwa kinauliza, "Una hakika?" Alama ya njaa ikawekwa juu, kubwa. Kasuku akacheza tena. Safari hii Pilipili aliikalia mikono yake, akajiuma mdomo. Mji ukaanguka vilevile.

"Nimejitakia," Kasuku alisema. "Nimejaza askari, nikasahau shamba. Usiniondoe, narudia!"

Mwalimu akatabasamu. "Sasa mchezo umepita, wazazi wataonyeshwa. Mtu akishindwa na adui, hurudi kucheza. Akishindwa na kitufe, huenda zake. Kazi yako ikimshinda mtu, ikague kazi kabla hujamfokea mtu. Hasira hasara, Pilipili."

Kuitwa hivyo kulimkasirisha kama kawaida. Lakini Kasuku alikuwa bado anacheza, kwa hiyo akafumba mdomo.