Udhu wa Ramlah

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa maji. Nilibeba madumu mawili mpaka bombani hapa mtaani kwetu Namatala, nikapanga foleni, nikarudi mabega yanawaka. Na kazi ya mdogo wangu Ramlah, mwenye miaka kumi na miwili, ilikuwa kuyamaliza.

Nasema kweli, alinichosha. Watu hutia udhu kwa birika moja. Yeye aliosha mikono, mdomo, pua, uso, halafu akasita na kuanza upya, mara kumi, mara ishirini. Vidole vyake vilipasukapasuka. Majirani walisema ana jini. Mimi nilisema ana kiburi.

Jumatatu moja vijana wakubwa walinivamia bombani wakitaka zamu yangu. Nilipigwa ngumi, mdomo ukachanika, dumu moja likakanyagwa mpaka likapasuka. Nilirudi na lile lililobaki. Kufumba na kufumbua, Ramlah alikuwa ameshamwaga nusu.

"Acha," nikamwambia.

"Kaka, sikumbuki kama nimepangusa kichwa. Nikiswali hivi, mama atakufa."

"Nimesema acha."

Akainama tena kwenye maji. Nikapandwa na hasira. Nikachukua kipande cha mpira wa maji, nikamchapa mgongoni, tena na tena, kisha nikamsukuma. Paji la uso likagonga ngazi ya saruji. Damu ikamjaa machoni.

Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alitambaa mpaka kwenye birika, akaosha damu, akaanza udhu upya. Damu ikadondoka, akaosha tena. Hapo niliogopa sana. Kiburi gani hicho?

Mama alitoka mbio ndani, akanizaba makofi, akamfunga Ramlah leso kichwani, tukakimbilia zahanati. Nesi Gorreti alimshona nyuzi tano. Akatazama vile vidole, kisha jeraha. "Nani amefanya hivi?"

"Ameanguka," mama akasema.

"Niliteleza, nesi," Ramlah akasema, bila kunitazama.

Nikasogea mbele ya nesi. "Nimempiga mimi kwa mpira wa maji, kisha nikamsukuma."

Nesi hakunigombeza. Alimwuliza Ramlah habari za maji, naye akaeleza yote huku akilia. Nesi akatuambia kwamba huo ni ugonjwa wa wasiwasi, si jini wala ukaidi, na unatibika. Aje kliniki kila Alhamisi kwa dawa na mazungumzo. Nyumbani atie udhu mara moja tu. Akituuliza kama umetimia tusimjibu, maana kila jibu linaulisha ugonjwa.

Wiki za kwanza alinipiga mateke kila nilipoondoa birika. Sikurudisha. Katika mwezi wa tatu wa matibabu akatia udhu mara moja, akaingia kuswali akitetemeka. Alipotoka, mama alikuwa jikoni anakaanga chapati, mzima kabisa.

Nilimweleza nesi habari hiyo kwa furaha.

"Vizuri, Magid," akasema. "Na ule mpira, ulimtoa hofu?"

"Hapana, nesi."

"Ulimwongezea ya pili, ya kukuogopa wewe. Mgonjwa haponi kwa kipigo. Ile ya udhu inamtoka kwa dawa na subira. Hii ya pili sina dawa yake hapa. Utaitoa wewe, na itachukua muda mrefu zaidi."